Zizi la Baba Yako Halina Dume

Mwanangu Kabula,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, mama yako mdogo yuko gengeni kwake, na nyumba yake hii ya Kiseke, Mwanza, nimebaki nayo peke yangu. Jua bado liko juu. Nimeona niandike sasa, kabla hujarudi na kabla wageni wa kukuaga hawajajaa, maana kesho alfajiri pale stendi sitakuwa na maneno. Najijua.

Mambo ya kula, ya kulala, ya kusali na ya wanaume tulishayasema. Mengine utayajua huko huko. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya ng'ombe wetu, kwa sababu unakwenda kujifunza kazi ile ile iliyoingia zizini kwetu wewe ukiwa mdogo, na kwa sababu kila tukianza kuisimulia kwa mdomo mimi nalia na wewe unakasirika. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Najua neno alilokwambia baba yako kwenye simu bado linakuuma. Ulimpigia ukiwa na furaha mpaka sauti inatetemeka. "Baba, nimechaguliwa kule kaskazini wanakokusanya mbegu za madume. Nitasomea uhimilishaji, kupandisha ng'ombe kwa mrija bila dume, na baadaye hata kuchukua mimba ya ng'ombe mmoja kuiweka kwenye tumbo la mwingine." Akasema, "Kasomee ualimu," na simu ikakatika. Ulinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeikata. Sikukulaumu. Ila siku zile nyingi ulikuwa shuleni, ukirudi unakuta jambo limekwisha na sisi tumenyamaza, kwa hiyo hujui baba yako aliikata simu ile kwa sababu gani.

Unamkumbuka Mhogo? Wewe ndiye uliyempa jina, kwa weupe wake, ukasema anafanana na muhogo uliomenywa. Baba yako alicheka siku ile hadi akakaa chini. Watu wa kijijini walimshangaa, dume mwenye nundu kubwa namna ile kuitwa jina la chakula, lakini likamkaa. Ukimwita anageuza shingo.

Mhogo hakuwa dume wa kununuliwa mnadani. Mama wa mama yake alitoka zizini kwa babu yako, na babu alimpata kwenye mahari ya dada yake. Baba yako alikuwa akisimulia ukame wa utoto wake, jinsi ng'ombe walivyolala kwenye mbuga ya Magu wasiamke, na jinsi ng'ombe wa mlango ule, ukoo wa Mhogo, walivyokula majani ya miti na mabua yaliyooza wakabaki wamesimama. Walikuwa wadogo, maziwa yao kibuyu kimoja na wewe ukinywa kimekwisha, lakini walikuwa hawafi. Kwa baba yako hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya ng'ombe. Vingine vyote ni ziada.

Mimi sifa hiyo sikuiona. Mimi niliona kibuyu hakijai.

Mwaka ule nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa maziwa. Akaja bwana mifugo mpya, kijana mpole anaitwa Daudi, na pikipiki yake amefunga nyuma mtungi wa chuma unaofuka moshi wa baridi akiufungua. Alitukusanya kwenye darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi. Akatueleza kwamba mle ndani, kwenye mirija myembamba kuliko majani ya mpunga, kuna mbegu za madume wa maziwa, zimegandishwa kwa naitrojeni, na dume mwenyewe huenda alishakufa zamani. Watu wakaguna. Mzee mmoja akauliza kama kuzaa na maiti si mkosi. Daudi hakumcheka. Alimjibu taratibu, akasema mbegu ni kama ya pamba tu, ikihifadhiwa vizuri inaota hata kama mti uliozaa umeshachomwa.

Nilimpenda kwa jibu lile. Hata sasa nasema, yule kijana hakutudanganya neno lolote.

Akaeleza mpango. Ng'ombe wote wa kikundi watachomwa sindano ya kuleta joto ili wapande joto kwa pamoja, naye awahimilishe wote kwa safari moja. Lakini ng'ombe wetu wanalisha pamoja, na madume wa kienyeji wakiwemo watamtangulia. Kwa hiyo kila mwenye dume anayeingia kwenye mpango amhasi au amuuze.

Baba yako akasimama. Unamjua si msemaji wa mikutano. Akasema, "Huyu dume wangu anaijua njaa. Huyo wa kwenye mrija anajua nini?"

Watu wakacheka, lakini kicheko cha kumuunga mkono. Nikaona mpango unateleza. Wengine wenye madume walianza kutikisa kichwa pamoja naye. Nikasimama na mimi, mbele ya wazee, mbele ya bwana mifugo, mbele ya mashemeji zangu, nikasema: "Baba Kabula, njaa anaijua, maziwa hayajui. Kama hutaki mwanao asome, sema hapa hapa watu wasikie."

Baba yako alinitazama kidogo, si kwa hasira. Akachukua kofia yake juu ya dawati akasema, "Mhasini," akatoka.

Nilishinda, mwanangu. Siku ile nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyepewa kiti. Nimeshinda mabishano mengi na baba yako tangu tuoane, mengine tukiwa kitandani, mengine shambani, na hakuna lililotuacha na kidonda. Lile nilishinda mbele za watu. Angeweza kulijibu? Angesemaje, kwamba anampenda dume kuliko mtoto? Sikumwachia mahali pa kusimama. Ukiolewa, au usipoolewa na ukawa na mtu wa kushauriana naye, utabishana. Ukimshinda mtu hoja nyumbani anaweza kurudi kesho na hoja nyingine. Ukimshinda hadharani anabaki kimya, na kimya kile utakiishi wewe.

Siku ya kuhasi walikuja na lile koleo lao. Baba yako alikataa Mhogo afungwe kamba na vijana. Alimshika kichwa mwenyewe, akazikumbatia pembe zake, akawa anamsemesha kwa Kisukuma sikioni hadi kazi ikaisha. Kisha akaenda kuketi mtoni na hakula jioni ile. Mimi nilipika wali, nikasema moyoni atazoea.

Sindano zikachomwa, ng'ombe wakapanda joto kama Daudi alivyosema, akaja na glavu zake ndefu za nailoni zinazofika begani. Tulikuwa na mtamba mmoja mwekundu, mdogo mdogo, bado hajazaa. Daudi alimpima, akatoa mkono, akatikisa kichwa.

"Mama Kabula, huyu nyonga yake ni nyembamba. Na mirija niliyobakiwa nayo ni ya dume wa aina kubwa. Tumwache huyu, nitamletea mbegu ya aina ndogo nikija tena."

"Utakuja lini?"

"Siwezi kukuahidi, mama."

"Basi mpandishe. Sindano ameshachomwa, joto analo. Atakua huku amebeba."

Akasita. Alikuwa kijana, na mimi nilikuwa mwenyekiti, na akina mama wengine walikuwa wamesimama nyuma yangu wanamngoja. Akachukua mrija, akauyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, akafanya nilivyotaka.

Siku ya kuzaa ulikuwepo, lakini nilikupeleka kwa jirani usione. Yule mtamba alihangaika tangu asubuhi. Miguu ya ndama ilitokeza, minene kama ya punda, na hapo ikakwama. Baba yako na majirani walivuta kwa kamba. Daudi tulimpigia, akaja kutoka ng'ambo ya kata pikipiki ikiwa imejaa tope, akaingiza mkono, akageuza, akapaka mafuta, akavuta tena. Ndama akatoka mzima. Mama yake alikuwa amepasuka ndani. Alijaribu kugeuza kichwa amlambe mwanawe, kikafika nusu.

Baba yako ndiye aliyemkausha yule ndama kwa magunia. Alikuwa jike, mweusi na baka jeupe kwenye paji. Watu wakaanza kumsifia ukubwa hapo hapo, mama yake hajapoa. Jirani akauliza ataitwa nani. Baba yako akasema, "Sikujua." Wakadhani hajui jina la kumpa. Lilikuwa ndilo jina.

Daudi alibaki ananawa mikono kwenye ndoo. Alinawa hata damu ikaisha na bado ananawa. Nikamwendea nimpe pole ya kazi. Hakuinua macho. Akasema, "Mama, siku ile bora ningekukatalia."

Kabula, haya ndiyo maneno ninayotaka uyabebe kuliko yote yaliyomo humu. Mkono utafundishwa, mirija utaifahamu, majina ya madume wa nje utayakariri. Kuna siku utasimama nyuma ya ng'ombe wa watu, na mbele yako yuko mama kama mimi, ana haraka, ana sauti, ana mtoto wa kusomesha, na nyuma yake wamo wenzake. Atakuambia mpandishe. Nawe utakuwa unajua hapana. Sikuombi uwe mkali. Nakuomba uweze kusema hapana na kubaki hapo hapo umesimama mpaka akuzoee. Daudi hakukosa elimu, alikosa mtu wa kumwambia kwamba anaruhusiwa kumkatalia mkubwa.

Sikujua alikua. Nilimnyonyesha kwa chupa, nikamlisha mashudu ya pamba, nikamkatia majani kandokando ya mashamba ya mpunga. Alipozaa, maziwa yake yalinitisha. Nilikamua nikabadilisha ndoo nikaendelea kukamua. Asubuhi mgahawa wa pale Magu mjini walikuwa wananingoja, jioni majirani wako mlangoni na chupa. Miaka ile ndiyo uliyokuwa unakuja likizo unakuta sukari, unakuta taa ya sola, unakuta mama yako ana kitenge kipya. Hukurudishwa nyumbani kwa ada hata muhula mmoja. Nakuandikia hili ili usije ukafikiri nakuambia ile mbegu ilikuwa sumu. Ilikulea. Mifupa uliyonayo ni ya Sikujua.

Lakini nililewa. Nikawa kila nikimtazama ng'ombe wa kienyeji namwona kama aibu iliyosimama. Nikawauza mmoja mmoja tukajenga banda la bati na sakafu ya saruji, tukabakiza wachache tu waliokuwa wazee. Mhogo naye, akiwa maksai sasa, aliuzwa kuvuta plau kwa mtu wa upande wa Busega. Baba yako hakupinga hata mmoja. Nikisema, anaitikia. Nikachukulia kutopinga kwake kama kukubali, nikaendelea.

Kisha josho la kijiji, la kuogeshea ng'ombe, likaharibika. Pampu ilikufa, dawa ikaisha, tukaitisha mkutano, tukaambiwa tusubiri. Ng'ombe wa kienyeji huwa na kupe masikioni maisha yake yote na anakutazama tu. Chotara hana ngozi hiyo. Mvua za mwaka ule zilipoanza, Sikujua akavimba tezi chini ya sikio, akaacha kula, pumzi ikawa inakoroma kama mtu aliyezama. Ndigana, homa ya kupe. Tulimchoma sindano tulizopata. Alikufa kwenye ile sakafu ya saruji, na watoto wake wakamfuata mvua hazijaisha. Wewe ulikuwa kidato cha tatu. Nilikuambia kwenye simu kwamba tumewauza.

Hapo ndipo nilipoelewa baba yako alikuwa akihofia nini. Ng'ombe wazee watatu tu wa mlango wa babu walikuwa wamebaki, kupe wamejaa, na wote wazima. Walipanda joto. Wakalia zizini, na zizi halina dume.

Daudi alikuwa ameshahamishiwa Ukerewe. Aliyekuja badala yake alikuwa na kata nyingi, na mtungi wake ulitegemea naitrojeni kutoka Mwanza, ikija inakuja, isipokuja haiji. Alihimilisha, tukangoja, ng'ombe akarudi joto. Akahimilisha tena, akarudi tena. Mwishowe alituambia mwenyewe, kwa uso wa huzuni, kwamba mtungi ulikuwa umekauka njiani bila yeye kujua na mbegu zilikuwa zimekufa zamani. Alikuwa akiweka maji matupu. Miezi ile yote, Kabula. Na ng'ombe mzee miezi yake ni ya kuhesabika.

Baba yako akavaa shati lake la kanisani akaenda kwa Mzee Ng'wandu, mfugaji wa kijijini kwetu, kuomba dume wa kienyeji. Nilikwenda naye, nikakaa nyuma kidogo. Mzee Ng'wandu alimpokea vizuri, akaagiza aletewe kiti, akauliza za nyumbani. Baba yako akasema shida yake.

Mzee akacheka kicheko cha uchungu. "Masanja, utamchukua dume gani? Wangu ni chotara, ametoka kwenye ile mirija ya Daudi. Wa jirani yangu hivyo hivyo. Kule bondeni hivyo hivyo. Nimewauliza wote, maana na mimi natafuta. Dume alikuwa mmoja. Kijiji kizima tuna baba mmoja."

Alitupeleka tukaone. Zizini kwake walikuwepo ndama waliozaliwa na mabinti wa dume yule waliopandwa na mwana wa dume yule yule. Mmoja miguu ya mbele ilikuwa imepinda, anatembelea magoti. Mwingine alikuwa hakui, nywele zimesimama kama mgonjwa. Daktari mmoja alishampitia akasema huenda ni damu kurudiana, huenda ni mambo mengine. Mzee Ng'wandu hakungoja uhakika. "Sisi watu tunaulizana ukoo kabla ya posa," alisema. "Ng'ombe hatukuwauliza."

Tulirudi kwa miguu. Njia nzima nilitaka baba yako aniambie neno. Anitukane, anikumbushe lile darasa, anikumbushe ile "sema hapa hapa." Ningepumua. Alisema tu kwamba mpunga wa fulani umekauka mapema.

Baada ya mavuno akanieleza kuwa anawapeleka wale watatu Katavi, kwa ndugu yake aliyehamia kule na mifugo, ambako bado wako ng'ombe wa kienyeji wengi. "Nakwenda kutafuta dume," alisema. Nilimfungia muhogo mkavu na karanga. Wewe ulidhani ameenda msimu mmoja. Mimi pia. Ng'ombe mmoja alifia njiani. Mwingine alipandwa akaharibu mimba. Aliyebaki sijauliza tena. Na baba yako hajarudi. Hana mwanamke mwingine, kama wanavyosema watu pale kisimani, ningejua. Nadhani anaona aibu kurudi kwenye zizi tupu, na mimi naona aibu kumwita arudi kwenye zizi nililolifanya tupu. Tumekaa hivyo, mmoja huku, mmoja kule, tunapigiana simu kuulizana mvua.

Sasa unajua aliikata simu kwa sababu gani. Hakukukatalia wewe. Alisikia mtungi.

Usifikiri nakurudisha nyuma. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, nikilima, nikiuza nyanya, nikija huku kwa mdogo wangu, na sijafika mahali pa kusema kazi ile ni mbaya. Kama josho lingekuwa linafanya kazi, Sikujua angeweza kuwa hai. Kama mirija ingekuwa ya madume mbalimbali, Mzee Ng'wandu asingekuwa na ndama anayetembelea magoti. Kama ningemwacha Mhogo na korodani zake, hata kama angefungwa kamba mbali siku zile chache za sindano, leo tungekuwa na pa kuanzia. Hakuna aliyetuambia tumwache, lakini pia hakuna aliyetuuliza, na mimi niliyejua thamani yake kwa kuishi na mwenye ng'ombe sikufungua mdomo ila kumnyamazisha. Kizuri kilipokuja nilidhani lazima nikipishe njia kwa kubomoa nilichokuwa nacho.

Basi ukiwa huko, kwenye hizo maabara zenu nyeupe, watakufundisha kupima lita. Pima. Lita zinasomesha watoto, mimi ni shahidi. Ila ukifika kwa mtu na mtungi wako, kabla hujaufungua, muulize ng'ombe alionao walimfikiaje. Muulize ni yupi alibaki siku wengine walipokufa. Atakusimulia, na itakuchelewesha, na pikipiki jua litaichoma. Msikilize tu. Na kama kuna njia ya kugandisha mbegu za dume wa kienyeji kama wanavyogandisha za wageni, na nasikia ipo, basi wewe uwe mmoja wa wanaoona kuna haja. Mimi sikuiona.

Jambo la mwisho nilikuwa sitaki kukuandikia, lakini nitaliandika.

Mchana huu, ulipotoka tu, nilimpigia baba yako. Mtandao ulikuwa unakatika, nikatoka nje hadi kwenye mwamba ule wa nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Mwanao anaondoka kesho alfajiri."

"Najua."

"Humpi neno?"

Nilisikia upepo wa huko na mbwa anabweka. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kwa "kasomee ualimu." Nikasema, "Baba Kabula, kama una hasira ni yangu. Usimpe mtoto."

Akasema, "Sina hasira na mtoto."

"Basi niseme nini kwake?"

Kisha akauliza, "Huko ni baridi. Ana sweta?"

Nikamjibu, "Analo."

"Zito?"

"Zito."

"Haya," akasema, na hakukata yeye. Tulikaa hivyo, kila mmoja ameshika simu, mpaka ikakatika yenyewe.

Nimemdanganya, mwanangu. Sweta huna. Kwa hiyo nikimaliza hapa nitashuka mjini, soko la Mlango Mmoja hawajafunga, nitatafuta kwenye mitumba lililo zito kuliko yote. Utalikuta juu ya barua hii. Wenzako wa huko wakikuuliza umelitoa wapi, waambie umepewa na baba yako.

Mimi mama yako.